Bwana Lita na Maji ya Karakana

Mtaani walimwita Bwana Lita, na ukimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake hakugeuka, maana hata yeye alishalisahau. Alikuwa mtu wa zimamoto, lakini si wale wa kupanda ngazi na kuvunja madirisha ambao watoto huwapungia mikono. Kazi yake ilikuwa kuingia kwenye jengo ambalo halijaungua, kulitazama kwa huruma kama daktari anayemtazama mgonjwa asiyejijua, kisha kusema likishika moto litataka maji kiasi gani. Basi, hiyo ndiyo kazi, na mwenzetu aliipenda mpaka ikawa maradhi.

Zamani alikuwa mshika mpira. Siku moja walikimbilia ghala la magunia, king'ora kinalia, watu wanawapisha njia, nao wamesimama garini vifua mbele. Wakafika, wakaunganisha mpira, Lita akaukumbatia kwa mikono miwili na kuuelekeza motoni. Maji yakaruka vizuri, ya kupendeza, kwa muda wa mtu kunywa kikombe cha chai iliyopoa. Halafu mpira ukakohoa, ukalegea, ukalala mikononi mwake. Tangi tupu. Wakafungua bomba la barabarani, likatoa upepo na mende mmoja. Ghala likaungua kwa raha zake mpaka likamaliza lenyewe, na wale wale waliokuwa wakiwapisha njia wakaanza kuwauliza kama wamekuja kuota moto. Hakuna aliyeumia, ila Lita alirudi kituoni kichwa chini, akaomba ahamishiwe kwenye hesabu.

Hesabu yenyewe si ya kutisha, msinikimbie. Unapima urefu wa jengo, upana na kimo, unazidisha, unapata ujazo. Ujazo unaugawanya kwa namba ya hatari, na hapo wengi huchanganyikiwa, kwa sababu hatari ikiwa kubwa namba huwa ndogo, ili maji yatoke mengi. Ofisi yenye meza na watu wanaosinzia ina namba kubwa. Karakana yenye sponji na gundi ina namba ndogo kabisa. Kisha unaangalia jengo ni la mawe au la mbao. Mwisho unatoka nje kuangalia kama kuna nyumba nyingine iliyosogea karibu, kwa kuwa moto hauna adabu ya kupiga hodi. Ikiwapo, unaongeza nusu ya maji yote. Hiyo nusu ya jirani ishikeni vizuri, maana ndiyo nusura imtoe mwenzetu roho.

Nimesema ilikuwa maradhi, na sitanii. Akiingia kwa kinyozi, kabla hajakaa kitini ameshapima kwa macho. Akienda kumwona mgonjwa hospitalini, anamwambia pole, anamuuliza anaendeleaje, huku macho yako darini. Dada yake mkubwa, aliyekuwa akiishi naye tangu wazazi wao walipofariki, aliwahi kumpeleka kwenye familia moja ya heshima kutafuta mchumba. Wakakaribishwa, wakapewa chai, baba wa binti akauliza kwa ukarimu, "Mwanangu, umeionaje nyumba yetu?" Lita akatazama mapazia, akatazama dari ya mbao, akasema, "Lita elfu kumi na nane, mzee, na hapo ni kama mtawahi kutoka." Mzee akaweka kikombe chini. Njia nzima ya kurudi dada hakusema neno, na walipofika nyumbani akaanza kusema mpaka siku ya pili yake.

Hata hivyo dada alikuwa akihangaika bure, kwa sababu moyo wa Lita ulishaolewa zamani. Nyumba yao ndogo ilipakana na karakana ya makochi, na mwenye karakana alikuwa mwanamke mmoja aliyeachiwa kazi hiyo na marehemu mumewe, akaikuza mpaka ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa enzi za mume. Kila mtu alimwita Fundi. Alikuwa na mikono yenye nguvu, kicheko cha kupasuka ghafla, na tabia ya kushika misumari midogo kwa midomo huku akikuelekeza jambo, nawe ukamwelewa kila neno. Tuseme wazi: Lita alimpenda. Alimpenda kwa siri, siri ambayo mtaa mzima uliijua kasoro wao wawili. Hakuwa na sababu ya kwenda karakana, basi kila mwaka alibeba kiti chake kimoja cha sebuleni kwenda kukivalisha kitambaa kipya. Fundi hakuwa mtu wa kuharibu kazi ya zamani, alikuwa akiongeza tu juu yake, sponji juu ya sponji, hata ikafika Lita akikaa kwenye kiti hicho miguu haigusi chini. Dada naye hakuwa akisaidia. Akimwona Fundi uani anaanika vitambaa, atachungulia juu ya ukuta aite, "Wifi, hujambo?" Fundi anacheka, na Lita ndani anapaliwa na maji.

Sasa ikatoka amri. Kwa kuwa mabomba ya barabarani yalikuwa ya kukohoa tu, kila karakana yenye vitu vya kuwaka upesi iwe na maji yake yenyewe, ndani ya geti lake yenyewe, ya kutosha kuuzima moto wake yenyewe. Asiye na maji hadi mwisho wa mwezi wa pili, anafungiwa. Mkuu wa kituo akamkabidhi Lita mtaa wao wote.

Siku ya kupima karakana ya makochi Lita alivaa shati la kupigwa pasi. Fundi akamshikia ncha ya tepu. Wakaenda hivyo kona hadi kona, huyu huku na yule kule, tepu imewanyookea katikati, na Lita akatamani lile jengo lingekuwa refu zaidi, kitu ambacho mtu wa kazi yake hapaswi kukitamani. Mwishowe akapiga hesabu, akarudia, akasafisha koo.

"Ni mengi?" Fundi akauliza.

"Lita elfu arobaini."

Fundi akatoa misumari mdomoni, mmoja baada ya mwingine, akaipanga juu ya meza.

"Jirani, mimi natengeneza makochi. Sijengi bandari."

"Ni sponji, Fundi. Sponji ikishika moto haina mswalie Mtume."

"Andika nusu. Nani atajua?"

"Moto utajua."

"Unaipigia hesabu karakana yangu utadhani unaiombea iungue."

"Naiombea isiungue," Lita akasema. "Kila siku naiombea."

Hilo ndilo lilikuwa neno la mapenzi kubwa kuliko yote aliyowahi kutamka, na Fundi alilichukulia kuwa la kikazi.

Lakini alimwamini. Mtu aliyemjua kuwa hawezi kudanganya hata kwa nusu, angemkatalia nini? Mafundi wakaweka nyundo chini, wakashika majembe. Mkata vitambaa, mtu wa vidole laini, akatoka malengelenge akawa anamwonyesha kila apitaye. Makochi yaliyokuwa hayajaisha yakatolewa nje barabarani kupisha mchanga, wapita njia wakayakalia, na wengine ikabidi waombwe waende makwao. Birika likachimbwa likala ua wote, kutoka kizingiti cha mlango wa nyuma hadi kwenye mzizi wa ukuta, likajengwa, likapigwa plasta, likajazwa. Lita akitoka kazini jioni alikuwa akipita kulitazama lile tumbo la maji. Fundi akisimama kando yake, wanalitazama wote, na hakuna aliyeona ajabu.

Zikiwa zimebaki wiki mbili, Mkuu akaja kukagua. Alikuwa mtu wa tumbo kubwa na uvumilivu mdogo. Akazunguka karakana, akatumbukiza fimbo birikani, akaitazama ilipolowa, akaguna kwa kuridhika. Fundi akatabasamu. Lita akatabasamu zaidi ya Fundi. Mkuu akatoa muhuri mfukoni, akaegemea ukuta ili agonge vizuri, na alipoegemea akageuka kuutazama.

"Lita, ukuta huu ni wa nini?"

"Ni wa nyumba, Mkuu."

"Nyumba ya nani?"

Lita akautazama ukuta kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

"Ni yangu," akasema.

"Iko umbali gani na karakana?"

Hapakuwa na haja ya kutoa tepu. Kati ya kuta mbili hizo paka alikuwa akipita kwa kubana pumzi.

"Na ile nusu ya jirani uliiongeza?"

Jamani, wahenga walishasema kinyozi hajinyoi, na nyani je, haoni kundule? Mtu huyu alishawahesabia majirani watu wa mji mzima. Aliwahi kumwongezea nusu muuza mbao kwa ajili ya banda la kuku. Lakini yeye kila alipotoka nje ya karakana kutafuta jirani, alikuwa amesimama mlangoni kwake mwenyewe akitazama mbele, akaona barabara, akaona uwanja wa mpira, akaandika hakuna. Haikuwahi kumpitia akilini kwamba jirani wa Fundi ni yeye.

"Basi ni elfu sitini," Mkuu akasema, akarudisha muhuri mfukoni. "Zimepungua elfu ishirini."

"Uani kwangu nafasi ipo," Lita akawahi kusema. "Nichimbe kwangu, zitimie."

"Maji ya jirani ni ya jirani. Siku ya moto geti limefungwa, mwenyewe kaenda msibani, mimi niruke ukuta na tumbo hili? Maji yawe ya mwenye jengo, ndani ya geti la jengo. Nitarudi mwisho wa mwezi."

Akaondoka. Mafundi wakatafuta vitu vya kufanya. Fundi akasimama ukingoni mwa birika, na hapakuwa na mahali pengine pa kusimama, maana ua wote ulikuwa maji.

"Sina hata pa kuchimba shimo la panya," akasema.

"Fundi, nisamehe."

"Wangenifungia kwa ubishi wangu, ningesema nimejitakia. Wananifungia kwa sababu nilikusikiliza wewe." Akamtazama. "Nenda nyumbani, Bwana Lita."

Miaka yote alikuwa akimwita Jirani. Lita akaenda nyumbani kupitia mlango wa mbele kama mgeni.

Dada alishasikia yote, ukuta wenyewe si mnaujua. "Umempigia hesabu kila mtu," akamwambia, "ukafika kwako ukajiruka. Na yule mama wa watu ana mafundi sita wanaomtegemea. Wifi yangu nimemkosa hivi hivi namwona." Lita alipanda juu ya kiti chake, miguu ikaning'inia, akafikiri mpaka chai ikapoa. Alijua akifungiwa Fundi atahama, na akihama, yeye atabaki na kiti kirefu na dada. Kisha akaanza kuipitia hesabu upya, na hapo rangi ikamrudia usoni. Kuna njia mbili za kumalizana na ile nusu. Moja ni kuongeza maji. Ya pili nayo iko wazi kwenye kanuni, ila hakuna mtu mwenye akili zake aliyewahi kuitumia.

Asubuhi dada aliamshwa na kelele za mabati. Akatoka nje na mswaki mdomoni, akainua uso. Mdogo wake alikuwa juu ya paa la nyumba yao, ameshika mtaimbo, ameshang'oa mabati mawili na anahangaika na la tatu.

"Wewe, unafanya nini huko juu?"

"Naondoa jirani," Lita akasema.

Bati la tatu likateleza, likatua karibu na dada. Dada akaingia ndani, akatoka na sufuria kichwani, akaenda moja kwa moja ukutani. "Wifi," akaita, "njoo umwone mwenzako, mimi amenishinda."

Fundi akaja. Alikuwa amejiandaa kwa maneno makali, ilionekana usoni, lakini alipofika uani akakuta anga linaonekana kupitia sebule ya watu, na kile kiti cha kazi yake ya miaka kinaota jua katikati.

"Jirani, shuka."

"Nikimaliza. Kuta zitachukua siku nne, tano. Mwisho wa mwezi hapa patakuwa uwanja, na elfu arobaini zako zitatosha."

"Utaishi wapi?"

Lita akasimamisha mtaimbo. "Hilo sijalipigia hesabu."

"Na dada yako?"

"Na mimi sijapigiwa," dada akasema chini ya sufuria.

Fundi akakaa juu ya tofali. Akacheka kidogo, halafu akajikuta analia kidogo, halafu akakasirika kwa kuwa alikuwa analia. Hakuna mtu aliyewahi kumvunjia nyumba. Marehemu mumewe, Mungu amrehemu, alikuwa mwema, lakini hata rafu alikuwa akikataa kuihamisha.

"Niambie kitu," akasema baada ya kujifuta. "Nusu ni ya nyumba iliyo karibu. Je, nyumba ikikaribia mpaka ikashikana na mwenzake, mlango mmoja, mtu anapita ndani kwa ndani, hiyo nayo ni jirani?"

"Hapana. Hilo ni jengo moja."

"Na jengo hilo moja lina jirani?"

Lita, kwa kuwa alikuwa juu, akatazama pande zote, na safari hii alijitazama na yeye mwenyewe. Huku barabara, huku uwanja wa mpira, huku tena uwanja. "Halina," akasema polepole.

"Basi piga."

Akachomoa penseli sikioni, akapiga hesabu juu ya bati. Nyumba yake ilikuwa ndogo, lakini ikiungana na sponji inabeba namba ya sponji. Akajumlisha, akafuta kwa mate, akajumlisha tena. "Elfu hamsini na mbili."

"Tunazo arobaini."

"Zinabaki kumi na mbili."

"Uani kwako zinaingia kumi na mbili?"

"Zinaingia, na pa kuanikia nguo panabaki."

"Basi shuka, unipe huo mtaimbo."

Hakumngoja mtu. Aliupiga ukuta wake mwenyewe, akavuka ile njia ya paka, akaupiga wa Lita, na kabla ya mchana alikuwa ametokea sebuleni kwa dada, kichwa kizima vumbi, akiomba maji ya kunywa. Mafundi wakaweka tena nyundo chini, wakashika tena majembe, na mkata vitambaa akaaga kuwa anaumwa. Katika siku zile wawili hao wakakubaliana mambo mengi: mlango uwe upande gani, geti la nani libaki, pazia liwe rangi gani, dada alale chumba kipi kisichosikia mashine, birika dogo lifunikwe kwa kitu gani. Walikuwa wakila pamoja kwa kuwa karakana ilijaa vumbi, na jiko la Lita lilikuwa bado na paa. Dada alikaa kimya kabisa, na waliomjua walihofia afya yake.

Mwisho wa mwezi Mkuu akarudi. Akapita mlango mpya kwa ubavu, tumbo likatangulia. Akatumbukiza fimbo kwenye birika kubwa, akaitumbukiza kwenye dogo, akatoka nje kuutazama uwanja wa mpira, akarudi.

"Hamsini na mbili zimetimia," akasema, akatoa muhuri. "Jengo moja, geti moja. Sasa nitajie mwenye jengo, yule nitakayemfuata siku ya moto. Ni nani?"

"Mimi na mke wangu," Lita akasema, vile vile kama anavyotaja lita.

Fundi akamgeukia.

"Mkeo yupi?"

"Si wewe?"

"Uliniuliza lini?"

Lita akarudi nyuma kichwani, siku kwa siku: paa, ukuta, mlango, pazia, chumba cha dada. Akatafuta kila mahali. Kila kitu walikuwa wamekipanga, hilo halikuwapo. Akaogopa kuliko alivyowahi kuogopa moto wowote, kwa kuwa aliona wazi kwamba anaweza akaambiwa hapana mbele ya Mkuu, nyumba yake ikiwa na tundu ukutani.

"Sikuuliza," akasema. "Nilisahau."

"Muulize basi," Mkuu akasema. "Nina karakana nyingine mbili leo."

Lita akavua kofia. Akauliza kwa sauti ndogo mno, hata dada aliyekuwa amesimama nyuma yake akalalamika kwamba hakusikia kitu. Fundi alisikia. Alimtazama yule mtu wa namba aliyekuwa tayari kujifuta mwenyewe kwenye hesabu ili yeye abaki, akajibu kwa sauti ya kutosha mtaa mzima.

"Ndiyo," akasema. "Gonga muhuri, Mkuu."